Mke wa Mwenye Nyumba

Kitabu chake cha kwanza kilipotoka, Redio hakuwaogopa wasomaji. Alimwogopa msomaji mmoja tu, na huyo alikuwa amekaa sebuleni, miguu juu ya kigoda, miwani kwenye ncha ya pua, akifungua ukurasa baada ya ukurasa.

Alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Mtu wa duka la dawa, msafi, mpole wa sauti, koti lake jeupe limepigwa pasi hata siku za mapumziko. Redio alihamia kwake ndoa yake ilipovunjika, akae wiki chache tu ajipange, na wiki zikazaa miaka. Alikula chakula chake, akalala chini ya paa lake, akamtazama na kumsikiliza kila asubuhi mpaka akamjua kuliko alivyojijua mwenyewe. Kisha akamtia kitabuni.

Hakumtia kama alivyo, maana hakuwa mjinga. Alimpa kitambi, akampa masharubu, akamfanya mwenye nyumba wa jumba la wapangaji. Lakini maneno yalikuwa ya shemeji, hayakupungua wala kuzidi. Mwenye Nyumba wa kitabuni hapigi mtu wala hapazi sauti. Anamketisha mpangaji, anamuuliza swali, na jibu lisipompendeza anauliza tena vilevile, taratibu, mpaka mtu anasema kile anachotaka kusikia. Akishamaliza anainamisha kichwa pembeni na kusema, "Na wewe ungekuwa mimi, ungefanyaje?" Sentensi hiyo Redio aliisikia mezani tangu wiki ya kwanza. Chumvi ikizidi, dada yake aliulizwa. Simu ikikatika kabla hajaipokea, aliulizwa. Akichelewa sokoni aliulizwa, na hakukuwa na jibu lililotosha.

Basi jioni hiyo Redio alisimama jikoni, sufuria tupu mkononi, akisubiri kuambiwa afungashe virago. Shemeji alifunga kitabu, akavua miwani, akamwita. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Alimwambia hakujua kama kuna mtu anamwona. Miaka yote alidhani anatoa tu na hakuna wa kushukuru, kumbe palikuwa na jicho. Redio hakuelewa kitu mpaka shemeji alipofungua ukurasa aliouwekea kidole na kumsomea. Ulikuwa ukurasa wa Daktari.

Daktari alikuwa mhusika mdogo, mtu mwema anayewatibu wapangaji na mwishoni anasimama mbele ya Mwenye Nyumba kuwatetea. Redio alimbuni tu kichwani. Wenzake kazini walimlalamikia kwamba hadithi yote haina mtu wa kupenda, ndipo akawapa mmoja. Lakini wateja dukani humwita shemeji "daktari", naye hajawahi kuwasahihisha.

"Huyu ni mimi," shemeji alisema. "Umenisitiri kidogo, lakini ni mimi."

Redio akasema ndiyo.

Hiyo ndiyo kufuli ya kwanza, na aliifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Jina la Redio alilipata kwenye karakana ya sare. Kazi yake ilikuwa kola: kola za mashati ya shule, kola za walinzi, kola za wahudumu wa hoteli, mchana kutwa. Mikono ilifanya kazi bila kumhitaji, basi mdomo ukatafuta shughuli yake. Alianza kuwasimulia wenzake habari za watu wasiokuwepo, akipaza sauti juu ya kelele za vyerehani, na umeme ukikatika watu walifurahi, maana sasa walisikia vizuri. Kesho yake walipoingia, hata salamu hazijaisha, walitaka kujua yule mwanamke wa jana amefikia wapi.

Hakuna shule iliyomfundisha uandishi kama pale. Akikosea, alikosolewa papo hapo. Siku moja alimfanya mtu mkorofi amwombe mkewe radhi, na Mama Vifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu alishona vifungo tu, akamkatiza huku pini ziko kati ya midomo yake.

"Mtu wa namna hiyo haombi radhi," alisema. "Mwache aanze kuomba, halafu maneno yamgeukie yawe lawama."

Redio alijaribu hivyo na karakana nzima ikaguna kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumfikiria. Hapo alielewa kwamba mtu wa hadithini hasimami kwa sura wala kwa mavazi. Anasimama kwa kile anachokifanya akidhani hatazamwi, na kwa swali ambalo hataki kabisa kuulizwa. Ukivipata hivyo viwili, anaanza kutembea peke yake, na wewe unamfuata nyuma kama mtu aliyemwona jamaa yake mbele barabarani. Alikuwa akiandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, nyuma ya karatasi za kukatia mitindo, na alichokiandika kilikuwa tayari kimepita kwenye masikio ya karakana. Ndiyo maana mchapishaji alikikubali.

Sasa shemeji akakata shauri. Mtu mwenye kipaji kama hicho, alisema, hawezi kuendelea kushona kola. Akamwondolea kazi hiyo kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto kisu mkononi. Alikwenda mwenyewe kuongea na msimamizi wa karakana. Akampigia mhariri, akamweleza kwamba mwandishi ana watu wa kumlinda na mawasiliano yote yapitie kwake. Kisha akakisafisha chumba cha nyuma kilichokuwa ghala la makasha ya dawa, akaweka meza, kiti, taa na pazia jipya. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuugusa. Kuta za chumba zilinukia maboksi na dawa ya kikohozi.

"Hapa hakuna atakayekusumbua," alimwambia. Akamwomba simu yake ya mkononi, na Redio akampa, kwani ubishi wa nini.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo hata siku moja. Angeufunga, pengine Redio angejua la kufanya. Shemeji alileta kiti, akakiweka ukumbini nje ya mlango, akakaa kusoma gazeti kabla ya kwenda dukani. Redio, ndani, alisikia kila ukurasa ukigeuzwa. Akinyanyuka kwenda msalani, gazeti lilishuka na macho yakamuuliza kama kuna tatizo. Shemeji akienda dukani, kiti kilibaki, na mara kadhaa kwa siku simu ya nyumbani ililia. Dada yake aliipokea. Swali lilikuwa lilelile: anaandika? Dada alijibu kwamba anaandika, maana angejibu vingine angeulizwa mpaka jioni. Hivyo dada naye akawa askari wa zamu bila kuomba kazi hiyo, na wao wawili wakaanza kukwepana macho mezani.

Redio hakuandika kitu. Alikaa mbele ya karatasi akawaita watu wake na hawakuja. Alimwanzisha muuza samaki, akamwacha kwenye mlango wa sura ya kwanza. Alimwanzisha msichana wa kituo cha mafuta, akampa wifi, akampa ugomvi na jirani, akampa hata jino bovu, wapi. Walikaa kwenye karatasi kama wageni waliokaribishwa na hakuna mtu wa kuongea nao. Alijaribu kusimulia kwa sauti, kama karakanani, na akasikia gazeti likishushwa nje ya mlango. Akanyamaza. Kuanzia siku hiyo alisikia sauti yake mwenyewe kichwani ikinong'ona, na mtu wa hadithini hawezi kulelewa kwa minong'ono.

Jioni shemeji aliomba kurasa. Kitabu cha pili, kwa mawazo yake, kilikuwa wazi: Daktari. Maisha yake, jitihada zake, subira yake na watu wasiomwelewa. Redio akaanza kumwandikia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukaa bure, na kwa sababu alihitaji kitu cha kutoa mlango ukifunguliwa. Shemeji alisoma kwa kalamu mkononi. Hapa Daktari asiseme hivi, aseme vile. Hapa asikubali kirahisi, awaulize tena. Redio alirekebisha. Kurasa ziliongezeka, shemeji akafurahi, akaanza kuwasomea wateja dukani vipande.

Asubuhi moja Redio alizisoma zote tangu mwanzo. Yule mwema aliyewatibu wapangaji alikuwa hayupo tena. Mahali pake alikaa mtu mwenye koti jeupe aliyewaketisha wagonjwa na kuwauliza mpaka wanajibu vizuri, na wagonjwa wakatoka wakishukuru. Alikuwa Mwenye Nyumba, bila kitambi wala masharubu. Safari hii kitabu kilikuwa upande wake, na aliyekiandika ni yeye, Redio, kwa mkono wake. Alitaka kuzichana. Akasikia hatua ukumbini, akazipanga vizuri, akazikabidhi.

Wiki iliyofuata maktaba ya mji ilimwalika kuzungumza na wasomaji. Shemeji alipokea mwaliko, akamchagulia nguo na kurasa za kusoma, akakaa mstari wa mbele na mkewe. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Redio aliwaona wenzake wa karakana wamekuja na sare zao za kazi, Mama Vifungo katikati. Hakuwa amewaona tangu siku alipotolewa. Alisoma, watu wakapiga makofi, kisha mwalimu mmoja akasimama kuuliza. Alitaka kujua Mwenye Nyumba katoka wapi. Alisema alipomsoma alihisi baridi, kwa sababu ukatili wa mtu asiyepaza sauti hauwezi kubuniwa tu.

Redio alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, shemeji alikuwa amesimama.

Aliwageukia watu kwa utulivu, akaeleza kwamba yeye ndiye anayemlea mwandishi na anaweza kulijibu hilo. Watu kama Mwenye Nyumba wapo, alisema. Yeye mwenyewe kazini anawaona kila siku. Hawajijui, na hilo ndilo baya zaidi. Mwalimu akasema bado angependa kumsikia mwandishi. Shemeji akatabasamu, akamuuliza jibu hilo lina upungufu gani. Mwalimu akajaribu kueleza. Shemeji akamuuliza tena, taratibu, vilevile. Kisha akainamisha kichwa pembeni.

"Na wewe ungekuwa mimi," alisema, "ungefanyaje?"

 Halafu mtu akacheka, na mwingine, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko na makofi, kwa kuwa walidhani ameigiza kitabu, na ameigiza vizuri mno. Shemeji aliinama kuwashukuru, uso umemng'aa. Kule nyuma karakana haikucheka. Mama Vifungo alikuwa amemtazama shemeji, kisha akamtazama Redio, kisha akamtazama yule mwanamke wa mstari wa mbele aliyekuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na kutazama sakafu.

 Redio alikuwa na maneno ya kujaza kitabu kizima, na pale hakupata hata moja. Alitia saini vitabu, akaingia kwenye gari, akasikiliza njia nzima jinsi mambo yalivyokwenda vizuri.

Kesho yake shemeji alipokwenda dukani, dada aliingia chumba cha nyuma na pasi, meza ya kupigia pasi na kapu la nguo. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Alisema huku kuna soketi nzuri. Alipiga pasi shati moja, akalitundika, akachukua jingine, ndipo akaanza.

"Nilijua tangu sura ya kwanza," alisema. "Nikasema sawa, mdogo wangu kathubutu. Nikasoma haraka nifike kwangu."

Redio aliweka kalamu chini.

"Nikafika. Mke wa Mwenye Nyumba. Anafungua mlango. Analeta chai. Analia mara moja, amegeukia dirisha. Basi." Dada aliibonyeza kola kwa ncha ya pasi. "Mume wangu umempa kitabu kizima. Mimi umenipa trei."

Redio alijitetea. Alisema mke yule alikuwa mtu wa pembeni tu, alisema alitaka kumsitiri dada yake asitambulike, alisema mengine ambayo hata yeye hakuyaamini. Dada alimwacha amalize.

"Umekaa na mimi meza moja miaka yote hii," alisema. "Akiniuliza yale maswali yake, unafikiri mimi nakuwa wapi?"

Redio hakujua. Hilo ndilo lililomchoma. Alijua hofu ya kila mtu karakanani na jinsi muuza mkaa anavyosimama akidanganya, na hakujua dada yake anakuwa wapi. Alikuwa amemwona mnyonge, na mtu ukishamwona mnyonge humtazami tena, unamhurumia tu, na huruma haioni mbali.

Dada akasimamisha pasi. Akanyoosha mgongo, akashusha miwani isiyokuwepo kwenye ncha ya pua, akainamisha kichwa pembeni, na shemeji akaingia chumbani. Sauti ilikuwa yake, pumzi ilikuwa yake, hata ule mkono unaofuta vumbi lisiloonekana mezani. Alikihoji kiti. Alikiuliza kwa nini kina miguu, na kiti kiliposhindwa kujibu, akakiuliza tena, taratibu, akakipa nafasi ya kujirekebisha, akakisamehe kwa masharti. Redio alianza kucheka akiwa amekaa na akamaliza akiwa sakafuni, ameshika mbavu. Dada aliendelea bila kutabasamu hata kidogo.

"Huko ndiko nakuwa," alisema alipomaliza, kwa sauti yake. "Namsikiliza vizuri. Namchukua alivyo. Kisha nikibaki peke yangu jikoni namrudia, na nambadilisha. Siku nyingine namfanya aulizwe na bata."

Simu ya ukumbini ikalia. Dada akatoka, akaipokea. Redio alimsikia akisema, kwa utulivu kabisa, kwamba ndiyo, anaandika.

Siku zilizofuata dada alikuja na kapu lake kila shemeji akitoka, na nguo za nyumba ile hazijawahi kunyooka namna hiyo. Redio alisikiliza. Mwisho alimwomba dada yake waondoke wote wawili, akaeleza watakavyopanga chumba karibu na karakana, jinsi watakavyoanza. Dada alimtazama kwa upendo na kuchoka.

"Wewe nenda," alisema. "Mimi siondoki. Usiniulize sababu, nimeshaulizwa vya kutosha humu ndani. Na ukiniandika, usiniandike nikiondoka. Ni rahisi kumwandika mtu akitoka mlangoni na sanduku. Andika anavyokaa."

Redio alimwambia shemeji siku ya Ijumaa, mezani. Alikuwa amejiandalia maneno, majibizano mazima, na yote yakayeyuka. Alisema tu kwamba Jumatatu anarudi kazini na amepata chumba. Shemeji hakukasirika. Alimuuliza amekosewa nini. Redio akasema hajakosewa. Akamuuliza tena, taratibu. Redio akatazama sahani yake na kusema anarudi kazini. Ikaendelea hivyo mpaka chakula kikapoa, na kwa mara ya kwanza nyumbani mle swali lilichoka kabla ya jibu.

Ndipo shemeji akauliza jambo ambalo Redio hakulitegemea.

"Daktari sasa ataishaje?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza majibu ya vipimo vyake. Redio alimtazama na kumwona upya, mtu aliyekuwa akisubiri maisha yake yote aandikwe mwema na mtu mwingine, kwa sababu mwenyewe hakuwa na hakika. Katika kitabu chake cha kwanza alimpa Mwenye Nyumba kila kitu isipokuwa hofu hiyo. Alimwonea uchungu, na uchungu ule ulikaribia kumrudisha chumbani. Akasema hajui ataishaje. Akainuka kutoa vyombo.

Karakanani walimpokea kama mtu aliyetoka likizo ya kawaida. Mama Vifungo alimsogezea kiti na kumwambia kola zimemngoja. Ilichukua muda sauti yake kurudi. Alianza na mwanamke anayehojiwa mezani, na aliposema kwamba mwanamke huyo anabaki, wenzake walimjia juu. Walitaka aondoke. Walitaka ammwagie mume mchuzi. Walibishana mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Ila waliendelea kusikiliza, siku baada ya siku, na baadhi yao waliacha kubisha na kushona wakiwa wameinama.

Dada alikuwa msomaji wa kwanza wa kitabu cha pili. Alikuja kwenye chumba cha Redio Jumamosi akitokea sokoni, akavua viatu, akasoma kitandani huku mboga zimewekwa sakafuni. Alisahihisha kidogo sana. Mahali pamoja alisema mwanamke huyu anacheka mno. Mahali pengine alikaa muda mrefu bila kufungua ukurasa, kisha akaendelea.

Kitabu kilipotoka, shemeji alisoma kurasa za mwanzo, akaona hakuna Daktari, akasema hiki ni cha wanawake. Hata hivyo alikipanga dukani karibu na dawa za kikohozi na kuwaambia wateja mwandishi alilelewa kwake. Wasomaji wengi walilalamika. Kila Redio alipoalikwa mahali, mtu alisimama na kuuliza kwa nini mwanamke yule hakuondoka, na yeye hakuwa na jibu lililowatosheleza.

Hakuwa nalo hata kwa nafsi yake. Ametoka kwenye chumba kile, ana mlango wake na ufunguo wake, dirisha lake linatazama barabara. Lakini kila anapokaa kuandika, mtu wa kwanza kuja ni dada yake, na dada yake hukaa mezani kule nyumbani, mgongo umenyooka, akisikiliza swali hadi mwisho. Redio huketi pale pamoja naye. Hajapata namna ya kuinuka na kumwacha.